Matoleo Yanayokaa Pamoja: Ufungashaji wa Maktaba za Programu kwa Mfano wa Liverpool, Sydney

Maktaba ya programu ni msimbo ulioandikwa ili utumiwe na programu nyingine, nayo yenyewe huegemea maktaba nyingine. PlatiPy ni mfano mzuri. Imetoka Liverpool, kusini-magharibi mwa Sydney, mikononi mwa watafiti wa hospitali, wa Taasisi ya Ingham na wa Chuo Kikuu cha New South Wales. Phillip Chlap na Robert Finnegan waliitambulisha mwaka 2023 katika Journal of Open Source Software. Kazi yake ni kuchakata picha za matibabu ya mionzi: kulandanisha picha ya CT ya mgonjwa mmoja na ya mwingine, na kuchora mipaka ya viungo ili ijulikane, kwa mfano, moyo umepata mionzi kiasi gani titi lilipokuwa likitibiwa. Kusoma faili za picha za DICOM kumeachiwa pydicom, kulandanisha picha SimpleITK, hesabu za safu za namba NumPy. Kila moja ina wenyewe, na kila moja hutoa toleo jipya kwa ratiba yake.

Liverpool hiyohiyo ni nguzo ya AusCAT, mtandao wa vituo vya saratani vya Australia ambamo data za wagonjwa hazitoki hospitalini. Kinachosafiri ni hesabu: msimbo hupelekwa kila kituo, hufanya kazi palepale kwenye data, na yanayorudi ni majumlisho tu. Mpango huo huweka mzigo mzito kwenye ufungashaji. Ikiwa kituo kimoja kina SimpleITK ya zamani na kingine mpya, tofauti ndogo katika ukadiriaji wa nukta za picha inaweza kuingia kwenye matokeo na kusomwa kama tofauti ya wagonjwa.

Jibu linalosikika zaidi ni kwamba suala hili lilikwisha mwaka 2013 Docker ilipotolewa. Tia programu na maktaba zake zote ndani ya kontena, funga kila toleo kwa namba kamili, tuma kontena hilohilo kila hospitali. Hoja hiyo ina ukweli wa kutosha kuifanya iwe na madhara. Kontena hutatua tatizo la programu iliyokamilika. Tatizo la maktaba halijaguswa.

Programu ndiyo mwisho wa mnyororo, kwa hiyo inaweza kujifungia itakavyo bila kumsumbua mtu. Maktaba hukutana na wenzake ndani ya mchakato mmoja, na Python hupakia NumPy moja tu kwa kila mchakato. Maktaba moja ikidai NumPy 1.24.2 hasa na nyingine 1.26.4 hasa, mtafiti anayezihitaji zote mbili hana pa kwenda, na kisakinishi pip, tangu toleo 20.3 la Novemba 2020, humkatalia waziwazi. Maktaba inayofunga namba kamili ni mpangaji anayetaka nyumba nzima ipakwe rangi ya chumba chake.

Wala si kweli kwamba kontena limebeba kila kitu. Linaazima kerneli ya mashine linamoendeshwa, na likihitaji kadi ya michoro hutegemea kiendeshi cha NVIDIA kilichosakinishwa nje yake; kikiwa cha zamani mno kwa maktaba ya CUDA iliyomo ndani, hesabu haianzi. Kilichofungiwa, tena, hufungiwa pamoja na kasoro zake: tundu la usalama lililozibwa nje hubaki wazi ndani mpaka mtu alijenge upya. Mhadhiri mmoja aliwahi kukabidhiwa kontena lililofanya kazi bila kosa, ila hapakuwa na mtu wa kueleza mlikuwa na nini ndani. Kulitumia kulikuwa rahisi. Kulibadilisha kulimaanisha kuandika upya.

Kwa kuwa kufungia hakutoshi, maktaba inabaki na kazi ya kutaja matoleo vizuri. Kanuni ya namba tatu za toleo, ambayo kwayo namba ya kwanza hupanda kiolesura kinapovunjika, inajulikana na haihitaji maelezo. Kinachostahili kusomwa kuliko kinavyosomwa ni sura ya 8 ya Sera ya Debian, mfumo wa Linux, inayohusu maktaba za pamoja. Inaagiza kwamba maktaba ikivunja kiolesura chake cha jozi (ABI), jina la kifurushi nalo libadilike, ili la zamani na jipya vikae kwenye mashine moja bila kugombana. Ndiyo maana Debian 2.0 ya Julai 1998 iliweza kuhamia libc6, maktaba ya msingi ya C, huku programu za libc5 zikiendelea kufanya kazi. Kilicho bora zaidi ni faili la alama: kila kazi ndani ya maktaba huandikiwa toleo ilipoonekana mara ya kwanza. Zana ya kufungasha huangalia programu inaita kazi zipi, kisha yenyewe huandika toleo la chini linalohitajika. Hapo mpaka wa chini unatokana na ushahidi, wala si na toleo lililokuwa kwenye kompyuta ya mwandishi siku hiyo. Afrika Mashariki ina desturi ya karibu na hiyo: OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret Februari 2006, hutaka kila moduli itaje ndani ya config.xml toleo la jukwaa inalolihitaji.

Mpaka wa juu ndio wenye ugomvi. NumPy 2.0 ilipotoka Juni 2024, toleo kuu la kwanza tangu 1.0 ya mwaka 2006, ilivunja kiolesura cha jozi, na moduli zilizojengwa kwa 1.x zilikataa kuendeshwa nayo. Waliokuwa wameandika kwamba NumPy iwe chini ya 2 walisalimika, na hilo lazima likubaliwe. Lakini mpaka uliowekwa kwa kubahatisha una gharama zake. Henry Schreiner, mtunzaji wa maktaba za Python, alizieleza kwa urefu Desemba 2021: kitatuzi cha pip kikikuta toleo jipya la maktaba lina mpaka unaokinzana na hitaji jingine, hurudi nyuma kutafuta la zamani lisilo na mpaka, na kusakinisha kitu kibovu zaidi. Tena taarifa za toleo lililokwisha kuchapishwa kwenye hazina ya PyPI hazihaririwi. NumPy yenyewe ilitangaza mapema na ikatoa dawa, kwani moduli zilizojengwa kwa 2.0 huendeshwa pia na 1.x. Mpaka wa juu basi huwekwa pale uvunjifu unapojulikana. Hofu haitoshi.

Kwa PlatiPy na wenzake, kazi hugawanyika. Maktaba hutaja masafa mapana yaliyojaribiwa kweli, kwa majaribio yanayoendeshwa kwenye ncha zote mbili, toleo la chini kabisa na jipya kabisa. Majaribio ya jipya pekee huacha mpaka wa chini kuwa uvumi. Vitegemezi vizito, kama vile vya mitandao ya neva ya kuchora moyo, huwekwa katika kundi la hiari ili anayetaka kubadili tu umbo la faili asilazimishwe kuvibeba. Faili la kufungia matoleo, na kontena likitakiwa, ni mali ya mradi wa utafiti unaotumwa vituoni. Kila kituo huandika matoleo yaliyopakiwa pembeni mwa matokeo yake, na mratibu huyalinganisha kabla ya kujumlisha namba zozote.