Zawadi ya Baba kwa Mkono wa Mtoto



Jumapili ya tatu ya mwezi Juni huadhimishwa katika nchi nyingi kuwa Siku ya Akina Baba. Siku hiyo inapokaribia, maduka hupanga vikombe, kadi na soksi zilizofungwa kwa utepe, na watoto huanza kuwaomba mama zao fedha za zawadi. Wahenga walikwisha kutuambia: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Kwa hiyo leo hatukuja kuwashauri mnunue zawadi ipi. Tumekuja kuwaeleza zawadi tatu ambazo mtoto aweza kuzitengeneza mwenyewe kwa ajili ya baba, babu au mlezi wake, na kuwatahadharisha kuhusu vifaa. Zawadi ya bei ndogo isije ikamgharimu mtoto afya yake.

Ya kwanza ni kadi. Karatasi moja ya manila hutoa kadi kadhaa. Mtoto aikunje, achore, kisha abandike majani makavu au vipande vya kitenge vilivyobaki kwa fundi cherehani. Gundi yake ipikwe nyumbani: vijiko 3 vya unga wa ngano vikorogwe katika kikombe kimoja cha maji baridi, kisha mtu mzima aweke jikoni na kukoroga hadi uji uwe mzito. Itumike ikishapoa, siku hiyo hiyo, maana huchacha upesi.

Ya pili ni kopo la kuwekea kalamu. Chupa ya maji ya plastiki yafaa sana. Mtu mzima aikate, kisha azungushie ukingo wake utepe wa kubandika ili usikwaruze. Mtoto ataivika kitambaa. Msichukue kamwe chombo kilichokuwa na dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya gari. Kukiosha hakutoshi kukifanya salama.

Ya tatu haihitaji hata duka. Mtoto aandike ahadi kwenye vikaratasi vitano: “Nitakung'arishia viatu,” “Nitakusomea gazeti,” “Nitamwagilia bustani.” Baba atatoa kikaratasi kimoja kila atakapotaka ahadi itimizwe. Katika zawadi zote tatu, hii ndiyo tuipendayo zaidi, kwa sababu humfundisha mtoto kwamba ahadi ni deni.

Sasa tuseme juu ya vile mtakavyonunua.

Tuanze na rangi. Mabaki ya rangi ya nyumba au ya milango si ya mtoto. Baadhi ya rangi, hasa za njano na nyekundu zinazong'aa, zimekuwa zikitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama. Nunueni penseli za rangi au rangi za maji zilizokusudiwa watoto. Someni lebo: je, yupo mtengenezaji na anwani yake? Je, umri wa mtumiaji umetajwa? Je, ipo alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania? Pakiti isiyojibu maswali hayo irudisheni rafuni, hata kama bei yake inavutia.

Pili, betri ndogo za duara mfano wa kifungo. Hupatikana katika kadi zinazoimba na taa ndogo za mapambo. Mtoto akiimeza na ikakwama kooni, yaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Ikitokea, msimtapishe, mkimbizeni hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima. Sumaku ndogo nazo ni hatari: mbili zikimezwa huvutana tumboni na kutoboa utumbo. Vitu hivi visiwemo katika kazi za mikono za watoto.

Tatu, gundi inayoshika papo hapo. Hugandisha vidole na kope. Ibaki mikononi mwa watu wazima. Shanga nazo ziwekwe mbali na wadogo wa umri chini ya miaka mitatu, ambao hutia kila kitu kinywani.

Mwisho, daini risiti hata kwa kitu cha bei ndogo, na mhifadhi pakiti yake. Mkikuta kasoro, hivyo viwili ndivyo vitakavyowawezesha kurudi dukani kudai haki yenu, na kutuwezesha sisi kufuatilia bidhaa hiyo kabla haijamfikia mtoto mwingine.

Kikombe cha dukani huvunjika na kusahauliwa. Kadi yenye herufi zilizopinda, akina baba wengi huihifadhi pamoja na vyeti vyao. Tuhakikishe kwamba mkono ulioiandika umebaki salama.