Kasoro Iko Ghalani au Katika Mizani?

Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani

Nilikuwa nimeandaa maneno juu ya nidhamu kazini, lakini mdahalo wa jana jioni umenibadilisha nia. Kijana wa Kidato cha Sita aliitetea nadharia ya Milgrom, akazomewa mpaka akaketi. Sikusimama kumtetea yeye wala nadharia yake. Nauliza tu: hoja isiyo ya kawaida hupimwaje?

Kwa wasiokuwapo, nieleze kwa ufupi. Mwaka 1933 Fritz Zwicky aliona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakwenda kasi mno. Maada inayoonekana isingetosha kuzizuia zisitawanyike. Katika miaka ya 1970 Vera Rubin na wenzake walipima mizunguko ya galaksi, wakakuta nyota za pembezoni zina kasi karibu sawa na za ndani, ilhali kwa kanuni ya Newton zilipaswa kwenda polepole zaidi. Wataalamu wengi wakasema: ipo maada isiyoonekana inayozivuta. Mwaka 1983 Mordehai Milgrom wa Israeli akasema: huenda hakuna kilichofichika, ila kanuni yenyewe hubadilika pale mchapuko unapokuwa mdogo mno, takriban sehemu 1 ya bilioni 10 ya mita kwa sekunde kila sekunde.

Kwa lugha ya ofisini, hesabu za ghala hazikubaliani. Upande mmoja wasema ipo mali isiyoandikwa. Wa pili wasema mizani ni mbovu.

Historia haimpi yeyote ushindi wa mapema. Sayari ya Uranusi ilipoonekana kupotoka njia iliyokadiriwa, Le Verrier alikisia kwamba iko sayari nyingine inayoivuta, na mwaka 1846 Neptuni ikaonekana. Zebaki nayo ilipoonyesha kasoro, alikisia tena sayari isiyoonekana, ikaitwa Vulcan. Ilitafutwa miaka mingi, isipatikane. Mwaka 1915 Einstein alionyesha kwamba kanuni ya mvutano ndiyo iliyohitaji kurekebishwa. Mtu alikuwa yule yule na njia ile ile. Mara ya kwanza kasoro ilikuwa ghalani, mara ya pili katika mizani.

Basi na Milgrom apimwe kwa matokeo. Alitabiri uhusiano kati ya maada ya galaksi na kasi ya mzunguko wake, hata kwa galaksi hafifu ambazo wakati ule hazijapimwa vizuri. Vipimo vya baadaye vilimkubali kwa kiasi kikubwa. Hilo si jambo la kuzomea. Lakini katika makundi ya galaksi nadharia yake inapungukiwa, bado inahitaji maada ya ziada. Mwaka 2006 yalichunguzwa makundi mawili yaliyogongana, yaitwayo Bullet Cluster; ikaonekana sehemu kubwa ya mvutano haipo ilipo gesi, ingawa gesi ndiyo maada nyingi ya kawaida pale. Kwa sababu kama hizo wanafizikia wengi hawamfuati. Hata hivyo chembe ya maada isiyoonekana nayo haijanaswa katika maabara yoyote kwa ushahidi uliokubaliwa na wote.

Ndugu zangu, nina sababu ya kuyasema haya. Nikiwa mkaguzi mpya wa hesabu, shahada ikiwa bado inanukia wino, nilikuta kilo za mahindi zimepungua katika ghala moja la umma. Mtunza ghala, mzee wa umri wa baba yangu, aliniambia, "Mwanangu, mizani hii inadanganya." Nikacheka. Niliandika taarifa, akasimamishwa kazi. Baada ya miezi 4 fundi wa vipimo akaikuta mizani ni mbovu kweli. Mzee alirudishwa kazini, lakini alikuwa amekwisha kuuza ng'ombe wake kulipa karo. Kuipima mizani kungenichukua nusu siku.

Sisemi kila anayeilaumu mizani asadikiwe. La hasha! Katika maghala mengi niliyokagua baadaye mizani ilikuwa nzima, na mali iliibwa. Nasema tuipime kwanza, na kicheko kingoje.

Kijana wa jana, njoo kwenye mdahalo ujao na jibu lako juu ya makundi yale ya mwaka 2006. Nanyi mliomzomea, njooni na jibu lenu juu ya galaksi hafifu. Atakayekosa jibu aseme hana. Hiyo nayo ni elimu, na mimi niliichelewa.