Misuli Inapovunjika kwa Mazoezi, na Namna ya Kurejea kwa Usalama



Mazoezi ni kinga ya maradhi mengi, nasi twayahimiza. Hata hivyo, mwili uliokaa muda mrefu bila kazi nzito haustahimili kulazimishwa kwa siku moja. Mnamo Januari 2011, wachezaji 13 wa Chuo Kikuu cha Iowa, nchini Marekani, walilazwa hospitalini baada ya kutoka likizo na kupewa mazoezi makali, yakiwamo ya kuchuchumaa na kuinuka mara 100 wakiwa na vyuma mabegani. Ikiwa vijana waliozoea michezo walifikwa na hayo, sisi wengine hatuna budi kujihadhari.

Misuli ikichoshwa kupita kiasi, seli zake hupasuka na kumwaga katika damu protini iitwayo mayoglobini, ambayo huweza kudhuru figo. Potasiamu ivujayo pamoja nayo huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Dalili huweza kuchelewa siku moja hadi tatu: maumivu makali yasiyo ya kawaida, uvimbe, udhaifu, na mkojo wenye rangi ya chai kavu. Si kila mgonjwa hubadilika mkojo. Lakini aonaye mabadiliko hayo asingoje kesho. Aende hospitali siku hiyo hiyo, aeleze mazoezi aliyoyafanya, apimwe damu na mkojo. Asijitibu kwa aibuprofeni wala diklofenaki, kwani dawa hizo huweza kuzidisha madhara ya figo.

Hatari huongezeka kwa joto kali, upungufu wa maji, pombe, baadhi ya dawa za kupunguza lehemu, na kwa aliyerithi kinasaba cha selimundu. Mambo haya mweleze mkufunzi kabla ya kulipia ukumbi wa mazoezi, na umuulize jinsi anavyowaanzisha wageni.

Aliyeugua apumzike hadi vipimo vionyeshe kwamba kimeng'enya cha misuli kimeshuka vya kutosha na mkojo umetakata. Daktari akiridhia, aanze kwa kutembea taratibu, kisha mazoezi mepesi, akiongeza kidogo kidogo wiki hadi wiki. Maumivu au udhaifu ukirudi, aache na amwone daktari tena.

Twakumbusha, mwisho, kwamba ada uliyolipa hainunui wajibu wa kumaliza kila zoezi. Unayo haki ya kusema, "Leo inatosha." Bandu bandu humaliza gogo.