Fedha za Matibabu na Umri wa Mwanadamu

(Hotuba ya Katibu Mwenezi mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi)



Katika mkutano uliopita mzee mmoja wa tawi hili aliniuliza swali mbele ya watu, nami nikashindwa kulijibu vema. Alisema: "Mwanangu, kila siku mnatuambia fedha za hospitali zimeongezwa. Je, fedha hizo zimetuongezea siku za kuishi?" Nikamjibu kwa maneno mengi, kama ilivyo desturi yetu sisi tuliosomea ualimu, na mzee akanyamaza kwa adabu tu. Tangu siku ile nimekuwa nikitafuta hesabu za mataifa, na leo nimekuja kulipa deni.

Tuanze na tajiri. Mwaka 2023 Marekani ilitumia dola 14,570 kwa matibabu ya kila mtu wake mmoja. Hakuna taifa kubwa duniani linalotumia kiasi hicho. Na mtoto aliyezaliwa huko mwaka huo alitazamiwa kuishi miaka 78 na miezi michache. Sasa tazameni Costa Rica, nchi ndogo ya Amerika ya Kati, ambayo mwaka 1948 ililivunja jeshi lake. Wao hutumia karibu dola 1,000 kwa mtu, na umri wao ni kama miaka 80. Masikini amempita tajiri! Wajapani, wanaotumia chini ya nusu ya Wamarekani, wanafika miaka 84.

Imekuwaje? Wamarekani wana madaktari hodari na mashine za kila namna. Lakini dawa ileile huuzwa huko kwa bei kubwa kuliko kwa wenzao, fedha nyingi huliwa na makarani wa bima, na bado mamilioni ya watu hawana bima yoyote. Tena wapo vijana wao wanaokufa kwa risasi na kwa dawa za kulevya. Mwaka 2022 dawa hizo peke yake ziliua zaidi ya watu 100,000. Hospitali, hata iwe nzuri namna gani, haimfufui kijana aliyekwisha kufa.

Sasa naomba ruhusa nishike chaki kidogo, maana neno hili "umri wa kuishi" linawachanganya wengi. Mwaka 1961, tulipopata Uhuru, umri huo Tanganyika ulikuwa miaka 43 hivi. Wapo vijana wanaodhani maana yake ni kwamba siku zile hapakuwa na wazee. Si kweli. Wazee walikuwapo, na bakora zao tunazikumbuka. (Kicheko.) Jambo lenyewe ni hili. Chukueni watoto kumi waliozaliwa siku moja. Watatu wafe wachanga, saba waishi hadi miaka 60. Saba mara sitini ni 420. Gawanyeni kwa kumi, mtapata miaka 42. Hesabu yangu ni ya ubaoni tu, lakini haiko mbali na mambo yalivyokuwa, kwani siku zile karibu mtoto mmoja katika kila wanne hakufikisha miaka mitano.

Haya, tumepata fedha, tufanye nini nazo? Mtu wa kwanza anasema: tujenge hospitali kubwa mjini, tuwatibu wale saba uzeeni, kila mmoja aongezewe miaka miwili. Saba mara 62 ni 434. Umri umekuwa miaka 43 na kidogo. Mtu wa pili anasema: tuwaokoe wawili kati ya wale wachanga watatu, nao wafike miaka 60 kama wenzao. Tisa mara sitini ni 540. Umri umeruka hadi miaka 54! Wazee wasikasirike; sisemi waachwe bila dawa. Nasema tu kwamba shilingi ileile, ukiiweka mahali hapa hununua miezi, na ukiiweka pale hununua miaka.

Nchi iliyoijua hesabu hii mapema ni Ceylon, ambayo tangu 1972 huitwa Sri Lanka. Naomba tukae hapo kidogo, maana nao walitawaliwa na Mwingereza kama sisi. Mwaka 1931, wakiwa bado chini ya mkoloni, walipata haki ya kura kwa kila mtu mzima, mwanamume na mwanamke. Mara wajumbe wao wakaanza kuulizwa na wakulima: zahanati yetu iko wapi? Halafu ikaja malaria kali ya 1934 na 1935, ikaua makumi ya maelfu ya watu, na mjumbe aliyekuwa hana jibu hakuwa tena na pa kujificha. Vituo vya matibabu vikajengwa mashambani. Wakunga wakafundishwa, wakapangiwa vijiji, wakawa wanawafuata wajawazito nyumbani kwao. Mwaka 1945 elimu ikawa bure, wasichana wakajaa madarasani, na msichana aliyesoma akawa mama anayejua mapema kwamba mtoto wake ni mgonjwa.

Matunda yake nini? Katika miaka ya 1930 akina mama karibu 2,000 walikufa kwa kila uzazi 100,000. Leo hawafiki 40. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba Sri Lanka haina malaria tena. Umri wao ni miaka 76 au 77, karibu sawa na Mmarekani, nao hutumia chini ya dola 200 kwa mtu. Nchi yenyewe si tajiri, na hivi karibuni, mwaka 2022, hazina yao ilikauka kabisa wakakosa hata mafuta ya gari.

Kinyume chake tazameni Afrika Kusini. Wao hutumia zaidi ya dola 500 kwa mtu, lakini umri wao ni miaka 66 hivi. Ukimwi uliwapiga sana, na hilo lazima tulikiri. Lakini karibu nusu ya fedha zote za matibabu huko huwahudumia watu wenye bima binafsi, ambao ni kama 16 katika kila 100. Wale 84 waliobaki wanagawana nusu nyingine. Makaburu waliondoka madarakani mwaka 1994, lakini mgawanyo walioujenga bado umesimama.

Ndugu zangu, asije mtu hapa akasema Katibu Mwenezi kafundisha kwamba fedha si kitu. Huo utakuwa uongo, na utawafurahisha wanaotaka kutunyima. Nchi yetu hutumia karibu dola 40 kwa mtu, yaani Sri Lanka wanatuzidi mara tatu na zaidi. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika walikutana Abuja wakaahidi kutoa asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazijatimiza, na yetu ni mojawapo.

Hata hivyo tumetembea. Umri wetu sasa ni miaka 66 au 67. Mwaka 1999 watoto 147 katika kila 1,000 walikufa kabla ya miaka mitano. Utafiti wa 2022 ulikuta ni 43. Hiyo ni kazi ya chanjo, vyandarua na dawa ya malaria. Lakini katika hao 43, watoto 24 wanakufa kabla ya kumaliza mwezi mmoja, na hesabu hiyo mwaka 2010 ilikuwa 26. Hapo tumekwama. Mtoto wa siku ya kwanza haokolewi na chandarua. Anaokolewa na mkunga aliye macho saa nane za usiku, mwenye taa, maji safi na kifaa cha kumpulizia pumzi.

Na hapa ndipo swali la mzee linapotufikia nyumbani. Zahanati yetu ina kuta nzuri na bati jipya. Mkunga tunaye, tena hodari, lakini hana nyumba hapa. Jioni hupanda pikipiki kwenda kulala mbali. Akina mama mnajua wangapi wamejifungulia njiani mwaka huu, sina haja ya kuwataja. Katika makadirio mapya ya wilaya kuna fedha za ukuta wa hospitali na jengo jipya la utawala. Nyumba ya mkunga haimo. Nimeyasoma mara mbili.

Diwani wetu yuko hapa, naye amekubali kulisema jambo hili Baraza litakapokutana. Mikutano hiyo ni ya wazi, mwananchi yeyote anaweza kwenda kusikiliza, na ningependa tujae mabenchi yote. Matofali tumekwisha kuyafyatua 3,000. Tunachodai ni bati, saruji na mshahara wa mkunga wa pili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba sasa yule mzee aliyeniuliza apewe nafasi ya kwanza. Kama bado sijamjibu, asimame aniulize tena. (Makofi.)