Injini Ichechemeayo Mlimani
(Mazungumzo kwa madereva na wenye magari)

Dereva apandishaye gari kuukuu la petroli kutoka Mai Mahiu kuelekea Limuru huweza kusikia injini ikivuta, ikilegea, kisha ikivuta tena. Wengi hukimbilia kununua kabureta mpya, na fedha hupotea bure.

Kwanza na asikilize. Mlio mmoja ukikosekana kwa kipimo, kama mtu achechemeaye, mara nyingi silinda moja haipati moto: itazamwe plagi na waya wake. Lakini nguvu zikipanda na kushuka, huenda petroli haifiki ya kutosha. Pengine chujio limeziba. Pengine, na hili wachache hulifikiri, tundu dogo la kifuniko cha tangi limejaa vumbi, hewa isiweze kuingia mahali pa petroli itokayo. Kifuniko kikifunguliwa husikika hewa ikifyonzwa, na baadaye injini huvuta vizuri. Tundu lisafishwe, hapana cha kununua.

Lakini asifungue upesi. Katika magari mengi breki husaidiwa na injini, nayo ikizimika kanyagio huwa gumu. Dereva na asimame pembeni, avute breki ya mkono, atie jiwe nyuma ya gurudumu, azime injini na sigara, ndipo aguse kifuniko.