Maneno Yana Bei

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, fungueni madaftari, kwa maana leo tutafanya hesabu kidogo.

Somo la leo ni juu ya kuokoa fedha tunapotumia akili mnemba kuandika programu za kompyuta. Programu ni maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Siku hizi mtu aweza kuieleza mashine haja yake kwa lugha ya kawaida, nayo ikamsaidia kuyaandika maagizo hayo.

Labda utauliza, "Jambo hili lanihusu nini?" Lakuhusu. Tuseme chama chenu cha ushirika kimemwajiri kijana aandike programu ya hesabu za kahawa: nani ameleta kilo ngapi, na nani amelipwa. Kijana anatumia mashine hiyo, na gharama yatoka katika mfuko wa chama. Fedha hiyo ni jasho lako. Yafaa ujue inavyokwenda.

Kwanza, bei hupimwaje? Wazee wanazikumbuka simu za maandishi zilizopelekwa posta. Zililipiwa kwa hesabu ya maneno. Mashine hii nayo huhesabu, lakini huhesabu vipande vya maneno, viitwavyo tokeni. Ninyi mmejifunza kukata neno kwa silabi: a-na-wa-so-me-a. Mashine nayo hukata, ingawa mikato yake si sawa na silabi zetu. Maneno mengi ya kawaida ya Kiingereza huyachukua mazima, kwa kuwa ilifundishwa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza. Neno la Kiswahili mara nyingi hukatwa vipande viwili, vitatu au zaidi. Kwa hiyo habari ile ile mara nyingi hugharimu zaidi kwa Kiswahili. Kosa si la lugha yetu, bali ni la namna mashine ilivyofundishwa. Basi sisi imetupasa kuwa waangalifu zaidi.

Pili, fedha hupotelea wapi? Fikiri juu ya karani ambaye, kila ukimwuliza swali, huanza kulisoma faili lako tangu ukurasa wa kwanza, na kukutoza kwa kila ukurasa. Mashine hufanya hivyo. Kila swali jipya hupelekwa pamoja na mazungumzo yote yaliyotangulia.

Sasa andikeni. Tuseme kila swali na jibu lake ni tokeni 1,000. Mara ya kwanza mashine hushughulika na 1,000. Mara ya pili 2,000. Mara ya tatu 3,000. Ukifika mara ya kumi, jumla ni 55,000. Lakini ukiyagawa mazungumzo hayo mawili, maswali 5 kila upande, kila upande ni 15,000, na jumla ni 30,000. Maswali ni yale yale 10. Wauzaji wengine hupunguza bei ya sehemu inayorudiwa, lakini hawaiondoi kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza pia.

Basi shikeni mambo manne.

1. Kazi mpya, mazungumzo mapya. Hesabu ya kilo ikiisha, usianze habari ya malipo palepale.

2. Onyesha kinachohusika tu. Ikiwa kosa liko katika hesabu ya kilo, peleka sehemu hiyo pamoja na maneno ya kosa yaliyotokea. Usipeleke programu nzima.

3. Sema wazi mara moja. "Tengeneza programu" ni maneno machache, lakini ni ghali, maana mashine itabahatisha, nawe utauliza tena na tena. Afadhali useme: "Mkulima akileta kahawa mara 2 kwa siku moja, programu huhesabu mara 1 tu. Rekebisha hapo."

4. Omba jibu fupi. Kwa kawaida tokeni za jibu huuzwa kwa bei kubwa kuliko za swali. Omba sehemu iliyobadilika tu.

Lakini angalieni sana: msiokoe fedha kwa kuacha kukagua. Chukueni wakulima watatu, fanyeni hesabu zao kwa mkono, kisha zilinganisheni na za programu. Tokeni zilizopotea ni senti. Kilo zilizopotea ni mavuno ya mwaka mzima ya mtu.

Sasa jadilianeni darasani:

Kwanza: kijana ameuliza maswali 6 katika mazungumzo mamoja, kila swali na jibu lake tokeni 1,000. Jumla ni ngapi? Na akiyagawa mara mbili?

Pili: kwa nini ombi fupi lisilo wazi laweza kuwa ghali kuliko ombi refu lililo wazi?

Tatu: katika mkutano wa chama, ni swali gani mngemwuliza mweka hazina juu ya gharama hii?