Mkopo wa Elimu ya Juu Huanza na Cheti cha Kuzaliwa

Mada kwa wazazi, walezi na wahitimu wa kidato cha sita wa vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika



Lipo jambo linalowaumiza wazazi wengi wa mwambao huu. Kijana hufaulu, hupata nafasi chuoni, kisha hukosa mkopo ilhali jirani mwenye uwezo zaidi ameupata. Mara nyingi sababu si upendeleo. Sababu ni nyaraka.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Mkopo wake hugharimia chakula na malazi, ada, vitabu na viandikia, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kwa kuwa fedha haziwatoshi waombaji wote, Bodi huwapanga kwa kiwango cha uhitaji. Lakini Bodi haifiki Kagunga wala Mwamgongo kuitazama nyumba ya mwombaji. Huusoma uhitaji katika nyaraka alizowasilisha. Umaskini usio na nyaraka, kwa mfumo huo, ni kama haupo.

Kwa wavuvi, ugumu huongezwa na kalenda. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Dirisha la maombi ya mkopo lilifunguliwa Juni mwaka huohuo. Hivyo kaya inayotegemea dagaa na migebuka ilitakiwa kulipa ada ya maombi, nauli ya boti na gharama za nyaraka wakati mitumbwi ikiwa imeegeshwa. Mzazi mwenye mtoto wa kidato cha sita na atenge fedha hizo mapema, mavuno ya ziwa yangalipo, asisubiri matokeo.

Nyaraka ya kwanza ni cheti cha kuzaliwa, ambacho ni lazima kihakikiwe na RITA. Watoto wengi walizaliwa nyumbani na hawakusajiliwa. Wengine wamesajiliwa, lakini cheti kinasema Ramadhani na shule inasema Ramadhan. Au shuleni mtoto aliandikishwa kwa jina la mjomba aliyemlea. Tofauti ya herufi moja, ambayo kijijini haina maana, yaweza kulikwamisha ombi. Familia ivilinganishe vyeti vyote sasa, na penye tofauti ikaonane na msajili katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya.

Yatima naye huhitaji cheti cha kifo cha mzazi. Kumbukumbu ya mazishi na ushahidi wa majirani havitoshi mbele ya mfumo. Iwapo kifo hakikusajiliwa, Afisa Mtendaji wa Kijiji ndiye mlango wa kuanzia. Kaya iliyo katika mpango wa TASAF iweke tayari namba yake ya utambulisho, kwani ni ushahidi wa hali ya kaya.

Maombi hufanywa kwa njia ya mtandao, kwa kutumia namba ya mtihani wa kidato cha nne. Namba hiyo iwe ileile itakayotumika kuomba udahili chuoni; zikitofautiana, mkopo hauwezi kuungana na mwanafunzi. Anayesaidiwa katika duka la steshenari aketi kando ya mwandishi, asome kila mstari kabla ya kutuma, atumie namba yake ya simu na aondoke na nywila yake. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu inayotolewa na mfumo, kamwe si kwa kumkabidhi mtu fedha mkononi.

Fomu hutiwa saini na mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya kijiji au mtaa, na Kamishna wa Viapo. Viongozi wa vijiji wakumbuke kwamba saini yao ni huduma, si bidhaa. Kijana aliyepanda boti tangu alfajiri asiambiwe arudi kesho kwa sababu mhuri umefungiwa kabatini.

Mkopo huu si sadaka. Mnufaika huanza kurejesha miezi 24 baada ya kumaliza masomo. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mzazi anayehofia deni kukua ajue kwamba tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliondolewa mwaka 2021.

Asiyeridhika na kiwango alichopangiwa hupewa nafasi ya kukata rufaa, akiambatisha nyaraka alizozikosa awali. Naye aliyechagua stashahada asikate tamaa: tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi hukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo afya na ualimu.

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Kazi ya wiki hii ni moja: kila familia ifungue sanduku la nyaraka, isome majina yaliyomo, na penye kasoro ianze safari ya ofisini.